Kikundi cha familia: "Reported" ilileta malori matatu

Jumatano jioni

Trésor: Jambo yenu wote. Yaya Nadine, dada, uko? Nina shida ya Kiingereza. Ujumbe lazima ufike Zambia usiku huu.

Yaya Nadine: Niko, nilikuwa nasonga bukari. Sema.

Trésor: Wiki iliyopita mashine ya kupakia iliharibika hapa depo, Kasumbalesa mpakani. Patron, bosi wangu, akasema mteja ajulishwe kwamba kazi imesogezwa mpaka Ijumaa. Nikaandika: "The loading is reported to Friday. We stopped to load." Kesho yake, Jumanne, malori yake matatu yakaingia. Madereva wakalala kwenye foleni mpaka Ijumaa, na mmoja alikuwa ameacha mtoto mgonjwa nyumbani. Mteja anasema mimi ndiye niliyemwita.

Mama Trésor: Kumbe ndiyo maana Jumapili ulikataa chakula. Kwa nini hukusema, mwanangu?

Trésor: Niliona haya, mama. Sasa mashine imekufa tena, na kesho walikuwa waje kupakia. Imesogezwa mpaka Jumatatu. Sitaki kurudia kosa.

Yaya Nadine: Trésor, mteja hakukosea. Soma ulichoandika kama mtu wa Chililabombwe, kule Zambia, ambaye Kifaransa hajakisikia. "Report" kwake ni kutoa habari. Sisi huku kila siku tunasema mkutano "wameureporter", yaani wameusogeza, na kwa Kifaransa ni sawa kabisa. Kiingereza kina neno linalofanana nalo, lakini kusogeza siku hakumo ndani yake. Yeye kaona kwamba habari za upakiaji zimetolewa, na ikatajwa Ijumaa, basi.

Yaya Nadine: La pili ndilo limemwita. "We stopped to load": tumesimama ILI tupakie. Ulitaka "we stopped loading": tumeacha kupakia. Mtu akisoma la kwanza anatuma malori, hata mimi ningetuma.

Trésor: Eh Mungu wangu.

Papa Mukubwa: Lakini Kiswahili hakimchanganyi mtu hapo. Kusimama ni kitu kimoja, kuacha ni kingine.

Yaya Nadine: Ndiyo, papa! Hilo nalisema tangu nilipokuwa nauza vitenge Kitwe. Kwa maneno haya ya kusimamisha kazi, tusipitie Kifaransa, tupitie Kiswahili. Kama kichwani ni "acha", andika "stop" na kitendo chenye "-ing". Kama ni "simama ili", andika "stop to". Na "ahirisha" ni "postpone". Ahirisha inatoka kwa Waarabu, kwenye mzizi wa kuchelewesha, kuweka nyuma. "Postpone" ni Kilatini, kuweka baada. Watu wa mbali, wazo moja. Kila nikikumbuka hilo nafurahi.

Bijou: Yaya, shuleni tuliambiwa "delay", "postpone" na "cancel" ni sawa.

Yaya Nadine: Si sawa hata kidogo, Bijou, na mtihani wako uko karibu. "Postpone", mtu ameamua kusogeza. "Delay" haihitaji uamuzi wa mtu, foleni peke yake inatosha kuchelewesha lori. "Cancel", kazi imekufa, usiingoje. Angalieni pia "put off" na "call off". Zote zina "off", lakini ya kwanza inaahirisha, ya pili inafuta. Ukimwandikia mteja "the order is called off", kesho anatafuta muuzaji mwingine.

Trésor: Na "suspend"? Patron analipenda.

Yaya Nadine: Hilo ni kutundika. Kazi imening'inia, haijafutwa, na siku ya kurudi mara nyingi haijajulikana. Wewe unaijua siku, ni Jumatatu. Liache.

Papa Mukubwa: Nadine, na "ajourné"? Chuoni niliona jina langu kwenye orodha ya matokeo na neno hilo pembeni. Nikarudi kikao cha pili cha mitihani. Mpaka leo nikilisikia moyo unashtuka.

Yaya Nadine: Pole, papa. Kwa Kiingereza lipo, "adjourn", ila halipewi mwanafunzi. Ni la kikao au mahakama, wanapoinuka ili waendelee baadaye. Ndani yake kuna "jour" ileile, siku. Wanakuwekea siku nyingine.

Papa Mukubwa: Nami niliwekewa siku, na nikapita. Asanti, binti yangu.

Trésor: Nimeandika. "Dear Sir, loading is postponed to Monday. We have stopped loading because the machine is broken."

Yaya Nadine: Vizuri. Weka tarehe pembeni ya Jumatatu. Kisha ongeza: "Please hold the trucks until you hear from me." Hapo "hold" ni kuyashikilia yasiondoke. Na mwombe radhi kwa yale ya wiki iliyopita, kwa maneno yako mwenyewe.

Trésor: Nimetuma.

Mama Trésor: Na mtoto wa yule dereva?

Trésor: Nilimpigia baba yake mchana. Homa imeshuka, anakula.

Mama Trésor: Mungu asifiwe.

Trésor: Mteja amejibu! "Received. Trucks will wait in Chililabombwe."