Filamu ya ujana wa Mzee Ojwang': lafudhi ibaki au iondolewe?

Hoja: Benson Wanjau, aliyeigiza kama Mzee Ojwang' na kufariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Kenya nzima ilimjua kwa lafudhi ya Kijaluo katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni. Ikitengenezwa filamu ya televisheni kuhusu miaka yake ya mwanzo, anayemwigiza aseme vipi? Wanajadiliana watu watatu wa Mombasa.

Wa Kibokoni: Kiswahili sanifu. Kuchekesha kwa ulimi wa kabila la watu ni kuwadhihaki.

Wa Kisauni: Ami, ukiiondoa lafudhi umeondoa kazi yake yenyewe. Tazama: "Nilale shambani?" Kikikuyu hakina l, basi Mkikuyu mwenye lafudhi nzito husema "nirare shambani". Kijaluo kina l na r, hakina sh: "nilale sambani". Waigizaji wengi hufundishwa hiyo sh pekee. Onyesho likifika kwenye hasira, ulimi unateleza na kutoka "nirare sambani", ambayo si ya Mjaluo wala Mkikuyu. Aanze kwa l na r, polepole, kisha kwa kufoka, ndipo aiguse sh. Tena filamu iwe na sauti mbili, ya nyumbani na ya jukwaani. Tukisikia moja tu, mtoto wa leo atajuaje kwamba mzee alikuwa anaigiza?

Wa Kibokoni: Sauti mbili nakubali, mradi ya nyumbani itangulie. Ikija mwishoni, mtazamaji ameshacheka kabila saa nzima.

Wa Likoni: Na wanaotaka maonyesho ya mitaani yapigwe Mji wa Kale kwa kuwa ni rahisi, hapana. Mlango wa nakshi na baraza ya mawe haviwi Nairobi hata ukibandika kibao. Maonyesho ya ndani ya studio, sawa, yanafanyika hapa. Pangaboi lizimwe, maikrofoni hunasa mvumo wake. Kamera ikitoka chumba chenye eisii (kiyoyozi), lenzi hushika ukungu papo hapo. Iachwe ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa izoee joto. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo kasi ya shata ya kamera iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa zitatia mistari kwenye picha. Maonyesho marefu yasipangwe karibu na adhana.

Wa Kibokoni: Haya, achaguliwe kijana wa Kikuyu au wa Kijaluo?

Wa Kisauni: Yeyote atakayeitamka "nilale shambani" kwa njia zote mbili, akifoka, mara tatu mfululizo bila kuzichanganya.

Wa Kibokoni: Na Wajaluo wawili wawepo wakimsikiliza siku hiyo ya majaribio.