Yule mgeni anayejigeuza kwenye hadithi za bibi, kwenu alijulikana kwa alama gani?

BabaKadogo
Wakuu habari za usiku. Nipo Mwanga hapa Kigoma, umeme umekata toka saa moja, simu imebaki asilimia 9 na binti yangu wa miaka 7 kagoma kulala bila hadithi. Nikampa ile ya bibi yangu wa Mwandiga, alikuwa anatusimulia tukipukuchua chikichi mikono yote mafuta. Msichana mzuri kakataa wachumba wa kijiji kizima, halafu anatokea kijana mtanashati, kwao hakujulikani, salamu zake za heshima mpaka wazee wanatabasamu, mahari anamaliza siku hiyohiyo. Kumbe fisi. Na hakuna anayeshtuka isipokuwa mdogo wake binti, katoto kana upele mwili mzima hata kwenye mkeka hawakaruhusu kukaa, ndo kanaona shemeji akila nyama haachi mfupa hata mmoja.

Sasa kufika hapo mtoto ananiuliza, "Baba, kama anaweza kubadilisha sura na miguu na sauti, kwa nini asijifunze kutupa mifupa?" Nikakwama aisee. Bibi alifariki 2011 siwezi kumuuliza. Kwenu alama ilikuwa ipi, na huyu mtoto namjibu nini?

Mtanga_wa_Bara
Sisi Tanga ni kwato mkuu. Dada mrembo usiku, buibui safi, ananukia udi, unamsindikiza unajiona una bahati, upepo unapuliza nguo inapanda kidogo unaona kwato za punda. Unatoka mbio, mbele unakutana na mzee wa kanzu unamweleza huku unahema, mzee anainua kanzu taratibu anakuuliza, "kama hizi?" 😂 Mpaka leo nikitoka shambani usiku naangalia watu miguu kwanza. Jibu la mtoto ni kwamba jini ana uvivu, nguo inafunika ajisumbue ya nini.

Kasuku99
Mwambieni fisi kalala, na yeye alale. Mnamtesa mtoto bure

MzamiajiKibirizi
Hilo swali la huyo binti mimi nimelikuta chini ya maji, sitanii. Nimezamia samaki wa mapambo miaka kadhaa, wale wanaosafirishwa nje wakiwa hai. Wote mnamjua frontosa, yule mwenye nundu usoni, wa huku kwetu Kigoma ana mistari 7 wakati wa sehemu nyingi za Ziwa Tanganyika ana 6. Sasa kuna mwingine anaitwa Perissodus straeleni (jina la kitaalamu hilo, sisi tulikuwa tunamwita mwizi tu), naye ana mistari hiyohiyo ya giza na weupe wa bluu, ukimwona kwa mbali unasema huyu ni wa familia. Anajisogeza pale kwenye mawe samaki wengine wanakula mwani zao hawana habari, wanaona jirani aliyezoeleka. Ghafla anamvaa mmoja ubavuni, anakwangua magamba, anayameza, huyoo kaondoka. Chakula chake ni magamba ya wenzake.

Na hapa ndo jibu la mtoto. Rangi kabadilisha ila mdomo haubadilishi, ukimshika mkononi meno yake ni ya kukwangua, hayafanani kabisa na ya frontosa. Akiubadilisha mdomo atakula nini? Ana ndugu yake mwingine mla magamba huyo mdomo umepinda kabisa upande, aliyepinda kulia anang'ata ubavu wa kushoto na wa kushoto anang'ata kulia. Fisi wa bibi ni hivyohivyo, alikuja kijijini kwa ajili ya kula, sasa kuacha mifupa si ndo kuacha kilichomleta?

Halafu kuna gogogo wa madoa (jamii ya kambale), huyo ni kiboko zaidi. Kuna samaki huku wanaolea mayai mdomoni, jike anataga anayaokota palepale. Gogogo wanapita katikati yao kama wamekosea njia, wanameza baadhi ya mayai na kumwaga ya kwao, mama wa watu anaokota yote. Vya gogogo vinaanguliwa mapema na vinaanza kula vifaranga vya mwenye mdomo, humohumo ndani, na mama amefumba mdomo analinda.

BintUjiji
@MzamiajiKibirizi hiyo ya gogogo imeniondolea hamu ya kula samaki wiki nzima 🙄

Mie niseme la binadamu. Aliyejigeuza kweli alifika hapa kwetu Ujiji Februari 1858, Richard Burton, msafiri mvumbuzi Mwingereza, akiwa na mwenzake Speke, na kabla ya hapo walikuwa Tabora (wakati huo wanaiita Kazeh) wamepokelewa na Waarabu wa Omani. Huku alikuja waziwazi kama Mzungu, lakini 1853 alikuwa Makka kwenye hija kajiita Sheikh Abdullah, tabibu, anaswali, amevaa ihramu, anakula na wenzake sahani moja. Karibu aumbuke mapema pale Suez maana alibeba chombo cha kupimia jua na nyota. Wenzake walipokiona minong'ono ikaanza, na aliyemshuku kuliko wote alikuwa kijana wao mmoja wa kutoka Makka, hata ndevu hana, anaitwa Mohammed. Huyo ndo katoto kenu ka upele! Wakubwa wakamkemea kijana anyamaze, Burton akakiacha kile chombo akaongeza swala siku kadhaa, yakaisha. Kwa hiyo yeye mifupa aliitupa, mwambie binti yako hivyo, wapo wanaojifunza.

MamaIsevya
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nawasoma nikiwa Tabora, nacheka lakini nusunusu. Hizo alama zikibaki kwenye hadithi ni tamu. Huku kwetu na Shinyanga na Mwanza alama imetolewa kwenye hadithi ikabandikwa kwa watu, ikawa macho mekundu. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa hilo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu kama pilipili, na sababu tuliijua wote, miaka sitini anapuliza kuni kwenye jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba haina dirisha, na msimu wa tumbaku anakesha bani (banda la kukaushia tumbaku) akichochea moto. Mtoto wa jirani akaugua degedege, wakaanza kuongea kisimani, akifika wananyamaza. Mama akampakia kwenye basi usiku hata kuku wake hakuaga. Amekaa na sisi hapa Isevya mpaka mwisho, na asubuhi alikuwa ananiuliza, "mjukuu wangu leo yamepungua?" Namwambia yamepungua bibi. Hayakupungua.

BabaKadogo simulia tu, bibi yako alikuwa fundi. Ila ya kwako imekaa vizuri kwa sababu alama ni kitu alichofanya yule fisi, hakuna mtu aliyezaliwa nacho.

BabaKadogo
Marahaba MamaIsevya, yaani nimesoma yako mara mbili. Poleni sana.

Mrejesho: umeme ulirudi saa tano, yeye alishalala kwenye jibu la Mzamiaji, alilipenda hilo la mdomo, kaniuliza tu kama gogogo anajua kuhesabu. Nikajua tumemaliza. Leo mchana mama yake kapika dagaa wa kukaanga na ugali, mimi nakula zangu na njaa, kichwa na mkia vyote vinashuka, kuinua uso namkuta kashika tonge hali, anaangalia sahani yangu. Anamnong'oneza mama yake, "Mama, baba hajaacha mfupa hata mmoja."