"Mama yako hajanilipa hata senti moja": wakala wa bima kanijibu hivyo mbele ya bi mkubwa wangu!

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, simu nimeikata sasa hivi.

Wa Houston huyu mtu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa koti la bluu, manukato yake yanafika ukumbini nusu saa kabla yake. Hakosi harusi, hakosi msiba, hakosi kipaimara, na popote alipo mzee wa miaka 65 yeye yupo pembeni anamvutia kiti.

Mwezi wa kumi na moja alikusanya wazee akawashushia pilau la nyama, kachumbari na soda. Bi mkubwa wangu kabeba boksi kwenye nyumba za wazee mpaka magoti yakagoma, Medicare yake, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ni ya jasho lake. Alikuwa na ile ya serikali yenyewe, na Medigap, bima ya ziada ya kuziba mapengo ya Medicare, na daktari wa moyo anayemjua kwa jina. Alirudi kutoka kwenye pilau kesha sainishwa kwa kidole kwenye kishikwambi, kahamishiwa Medicare Advantage, mpango wa kampuni binafsi unaoshika nafasi ya ile ya serikali na wenye orodha yake ya madaktari. "Bure mama, na meno yamo." Bure ipi? Dola 202.90 za Part B, ile sehemu ya Medicare ya kulipia madaktari, zinaendelea kukatwa kila mwezi kwenye pensheni yake ya Social Security!

Leo nimempeleka kwa daktari. Kadi mpya kaifunga kwenye leso, kaifungua taratibu pale mapokezi. Dada kaigeuza mbele, kaigeuza nyuma, kaingiza namba, kaingiza tena, kasema daktari hayumo kwenye orodha ya mpango huu. Tukarudi kwenye gari.

Nikampigia jamaa, nimeweka spika, mama pembeni. Nikamuuliza kwa adabu: kaka, mbona hukumuuliza daktari wake ni nani? Akanijibu: "Mama yako hajanilipa hata senti moja. Mnanidai nini?"

HATA SENTI MOJA! Mbele ya mama mtu mzima anayemwita "mwanangu", aliyemfungia visheti ampelekee mkewe!

Nimekaa nimesoma. Mwaka huu wa 2026 kampuni ya bima inaruhusiwa kumlipa wakala huku Texas hadi dola 694 kwa mtu anayeingia Advantage mara ya kwanza, na hadi 347 kila mwaka anaobaki humo. Angemuuzia mpango wa dawa peke yake, Part D, ni hadi 114. Angemwacha kwenye Medicare ya serikali, hapati kitu, serikali hailipi wakala. Kumbe pale ukumbini mama yangu alikuwa dola 694 zimejifunga kanga! Halafu mtu huyohuyo, visheti bado viko tumboni, anasema hajalipwa hata senti moja!

---

Mtu Chake
Pilau mlikula? Basi tulieni literemke.

Zamu ya Usiku
Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini. Na pilau lenyewe ni kosa: kanuni za Medicare zinakataza kulisha watu mlo kwenye mkutano wa kuuza mipango. Vitafunio ruksa, mlo hapana. Ila hoja yangu si pilau. Hoja ni HAJANILIPA HATA SENTI MOJA.

Kipara wa Dallas
Tumesikia senti, mkuu. Na mtu mzima na akili zake anasaini kitu asichosoma, wewe mtoto ulikuwa wapi?

Bint Pangani
Kipara, mwache, wakala kamkosea mama yake mtu. Yule wa koti la bluu alishaniomba namba ya bibi yangu msibani, jeneza halijatoka.

Wakala wa Leseni
Mimi nauza bima na uzi huu umeniuma. Viwango vinapangwa na CMS, idara ya serikali inayosimamia Medicare, hatujipangii. Na kabla ya kumwandikisha mtu tunatakiwa kumuuliza madaktari wake, dawa zake, duka lake la dawa. Asiyeuliza kavunja kanuni, msitutie wote kapu moja. Hiyo 694 mnaiona, leseni na mtihani wa kila mwaka hamuoni. Na kuna kampuni zimefuta komisheni kwenye baadhi ya mipango, unamhudumia mzee na hulipwi.

Bint Pangani
Njoo ghala usiku tubebe boksi, huku wanalipa kila wiki.

Mzee wa Kumbukumbu
694 ni ya wakala tu. Makampuni ya uwakala yaliyo juu yake yanalipwa kivyao, inaitwa gharama za utawala na masoko. 2024 CMS ilitaka kuyafungia yote chini ya dari moja, mahakama ya shirikisho hapohapo kwenu Texas ikasimamisha Julai.

Dada wa Ushauri
Zamu, shusha pumzi usikie. Mpaka 31 Machi aliye kwenye Advantage anaruhusiwa kutoka mara moja, akarudi Medicare ya serikali na kuchukua Part D. Na kama ndiyo mara yake ya kwanza kuacha Medigap kwa ajili ya Advantage, ana miezi 12 ya kurudia ileile bila kuulizwa afya yake, mradi kampuni bado inaiuza. Pigeni HICAP, huduma ya Texas ya kushauri watu wa Medicare, ushauri ni bure na hawauzi kitu. Halafu akitoka ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kampuni inamnyang'anya wakala komisheni yote.

Zamu ya Usiku
YOTE? Dada Mungu akuweke. Kesho asubuhi napiga. Nikishamtoa nampigia tena jamaa, spika, mama pembeni, nimwambie sasa ndiyo hajakulipa hata senti moja.

Mtu Chake
Visheti je, atarudisha?

Kaka wa Columbus
Nyie wa Medicare mna bahati, kuna pa kulalamika. Mimi binamu yangu wa damu kaniuzia bima ya maisha, nakatwa kila mwezi, nikimuuliza inafanyaje kazi ananialika semina ya kuwa wakala kama yeye.

Kipara wa Dallas
Binamu yako angalau anapokea simu. Yule wa makontena ana pipa langu la nguo za watoto. Mara liko bandari ya Salalah kule Oman, mara meli imechelewa, mara bandari ya Dar imejaa.

Bint Pangani
Yule wa kofia ya Yanga? Ana friji langu!

Kaka wa Columbus
Mimi ana tairi nne na godoro.

Mtu Chake
Yanga inaingiaje humu?

Kipara wa Dallas
Anzisheni uzi wake, mimi nina risiti.