Tupeane uzoefu: Mtoto wa mbwa wa aina kubwa mwenye woga, na namna ya kumzoesha maisha ya jiji la Mwanza

Mwanzisha mada, Nyegezi

Ndugu wafugaji, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu juu ya jambo ambalo wengi tunakutana nalo: mtoto wa mbwa wa aina kubwa, awe Boerboel, German Shepherd, Rottweiler au chotara wao, anayeletwa mjini akiwa mwoga. Wengi wetu tunawanunua kwa ajili ya ulinzi, na kwa sababu hiyo mtoto anayejificha chini ya gari kila bodaboda inapopita huhesabiwa kuwa hasara. Hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba ili awe mkali, naye kweli huwa mkali, lakini ni ukali wa mnyama aliyejaa hofu, ambao hautofautishi mwizi na mtoto wa jirani.

Wa kwangu ni Boerboel dume niliyemchukua shambani Misungwi akiwa amekwishapita umri wa miezi mitatu. Huko alijua mama yake, ng'ombe na mchungaji mmoja. Hapa alikuta honi za mabasi yanayoingia stendi, karakana ya kuchomelea vyuma mtaa wa pili, na wauza bidhaa wanaopita na vipaza sauti. Mwanzoni hakutoka bandani mchana, na chakula alikigusa watu walipolala.

Kilichomsaidia ni umbali. Nilitafuta mahali pa wazi ambapo stendi ya Nyegezi inaonekana na kusikika bila kumfikia, nikakaa naye chini, kamba ikiwa imelegea, nami nikiwa simvuti kwenda popote. Hapo ndipo nilipojifunza kumsoma. Masikio yakilala nyuma, akilamba pua mfululizo, akipiga miayo ilhali hana usingizi, ujue mmesogea mno. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni chakula: mtoto wa mbwa mwenye njaa akikipa kisogo kipande cha maini kilichochemshwa, hofu imemzidi, na hakuna atakachojifunza hapo zaidi ya kuogopa. Rudi nyuma mpaka ale. Akianza kula huku macho yake yakiwa kwenye mabasi, siku nyingine sogea hatua chache mbele.

Wenzangu mmefanyaje?

Mchangiaji wa Kirumba

Nakushukuru kwa mada hii, kaka. Mimi nina German Shepherd jike, na tunaishi karibu na soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo tangu alfajiri kuna mikokoteni, malori yanayopakia dagaa, na wabebaji wanaopaza sauti ili wapishwe. Nakubaliana nawe kuhusu umbali, ila kwa mtaa wetu umbali haupatikani kirahisi, kwa hiyo nilitumia saa badala yake. Nilianza kumpitisha jioni, biashara ikiwa imepungua, ili kwanza azoee harufu, mbao, magunia na mwangwi wa mahali penyewe pasipokuwa na msongamano. Alipokuwa anatembea hapo mkia ukiwa juu, nikaanza kumleta mapema kidogo, hatimaye asubuhi yenyewe.

Zawadi yake ni dagaa wakavu. Kwetu ni rahisi kupatikana, harufu yake inashinda harufu nyingine zote, na ukubwa wake unatosha kabisa kwa mara moja. Ninawachekecha na kuwaosha kwanza, kwa sababu wengi huanikwa mchangani, kisha nawaanika tena. Utaratibu wangu ni kwamba mkokoteni unaanza kuonekana, ndipo dagaa mmoja anatoka mfukoni. Mkokoteni ukipita, mkono unarudi mfukoni. Mpangilio huo ndio wenye maana, kwa kuwa mbwa anapaswa kuona kwamba kinachomtisha ndicho kinacholeta kitu kizuri. Ukimpa dagaa kwanza ili kumdanganya asogee, ataanza kuishuku hata mifuko yako. Mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, nawapikia mbwa wengine nyumbani, lakini sikushauri kuyatumia njiani, kwani mifupa yake ni ya kutafunwa kwa utulivu, tena baada ya kuchemshwa hadi ilainike kabisa.

Jambo jingine: mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni kwa mtoto mwoga. Akishtuka hurudi nyuma kwa nguvu, na mkanda wa shingoni unaweza kuvuka kichwa. Mbwa aliyechoropoka barabara ya Makongoro hawezi kusubiri umwite.

Mchangiaji wa Mabatini

Kwa sisi tunaoishi juu, kati ya mawe, tusisahau ngazi. Mbwa wa aina kubwa mifupa yake huendelea kukua hadi mwaka mmoja na nusu, na wale wakubwa zaidi hata miaka miwili, hivyo kurukaruka kutoka jiwe hadi jiwe kunaweza kuharibu viungo. Wakati mwingine tunayemwita mwoga wa ngazi anaumwa nyonga. Mchunguzeni kabla ya kumlazimisha.

Mtumishi wa mifugo, Ilemela

Naomba nichangie kwa upande wa utaalamu, kwa kuwa hapa ndipo wafugaji wengi wanapobanwa kati ya mambo mawili. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hupokea vitu vipya kwa urahisi kabisa ni takriban wiki ya 3 hadi ya 14 tangu azaliwe. Baada ya hapo bado hujifunza, lakini polepole, na ndiyo sababu mtoto aliyekaa shambani miezi mitatu bila kuona watu huja mjini akiwa na kazi kubwa mbele yake. Wakati huohuo, chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoweza kuua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16, na virusi vya parvo huweza kuishi ardhini kwa miezi mingi. Kwa hiyo, asiyekamilisha chanjo asitembezwe pale mbwa wa mtaani wanapopita, lakini pia asifungiwe ndani. Mpakate, umkalishe kwenye gari lililoegeshwa kivulini ukiwa naye, au mkae barazani mkitazama barabara. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akitimiza miezi mitatu, na irudiwe kama daktari wako atakavyoelekeza.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, mbwa aliyekwisha kuzoea huweza kurudi katika woga kati ya miezi 6 na 14, wakati anapobalehe. Msikate tamaa wala kumpiga. Rudini hatua chache na muanze tena. Pili, tofautisheni woga na ugonjwa. Ukanda wetu huu una kupe wengi, na mbwa anayejificha ghafla, fizi zikiwa zimepauka au mkojo ukiwa na rangi ya chai, anahitaji matibabu siku hiyohiyo.

Mchangiaji wa Igoma

Mimi naona kazi kubwa iko kwa majirani. Watoto wetu wengi wamefundishwa kwamba mbwa hufukuzwa kwa jiwe, na jiwe moja linaweza kubomoa kazi ya miezi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na kuwaeleza wazazi, kisha nikawaomba watoto wakubwa wawili au watatu wapite mbali, wasimwangalie machoni, wasinyooshe mkono, wadondoshe tu kipande cha chakula na kuendelea na safari yao. Majirani zangu Waislamu niliwahakikishia kwamba mbwa hatawagusa nguo wala kusogelea njia ya msikitini, na ninabadilisha njia saa za swala. Heshima hiyo imemsaidia mbwa wangu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mtu asiye na wasiwasi anapopita, naye huona hakuna cha kuhofia.

Mwanzisha mada, Nyegezi

Nimefaidika sana, na dagaa nitaanza nao. Nina maswali mawili. Radi zetu za alfajiri zinazotoka ziwani, na mvua juu ya bati, bado zinamtetemesha. Pia mwezi ujao nampeleka Sengerema. Je, nipite kivuko cha Kamanga?

Mchangiaji wa Kirumba

Radi ikianza, mwingize ndani, chumba kisicho na dirisha kubwa, umlaze juu ya gunia au blanketi lake, na ukae naye. Wanaosema kwamba kumbembeleza kutamzidishia woga wanakosea. Hofu haiongezeki kwa sababu ya faraja. Akitaka kukaa chini ya meza, muache.

Kuhusu safari, kwa mara ya kwanza usipite kivukoni. Magari yanapopanda, chuma kinagonga chuma, watu wamebanana, na mbwa hana pa kurudi nyuma. Pitia Usagara hadi daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Ni kilomita 3 tu juu ya maji, naye atakuwa ndani ya gari alilolizoea. Kamanga mpeleke siku nyingine bila safari, mkae mbali na geti, mtazame kivuko kikishusha magari.