M7 ya Marekani: bora risasi nzito au risasi nyingi?

Wakuu, salaam.

Mei 2025 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliipitisha rasmi M7, bunduki ya SIG Sauer iliyoshinda zabuni Aprili 2022, ichukue nafasi ya karabini (bunduki fupi) ya M4 kwa askari wa mstari wa mbele. M4 inakula risasi ya milimita 5.56, M7 inakula ya milimita 6.8. Mimi nasema wamekosea. Anayebisha aje na hoja, siyo matusi.

Sababu zao ni mbili. Kule Afghanistan, Taliban walikaa milimani wakiwamiminia risasi za PKM, bunduki ya rashasha ya Kirusi, kutoka mbali, umbali ambao 5.56 inafika imeshachoka. Pili, kutoboa fulana za kuzuia risasi zenye sahani ngumu, ambazo Urusi na China wanazo. Sawa, nimewaelewa.

Sasa njooni kwenye mzigo. M4A1 tupu ni kilo 2.9 hivi. M7 pamoja na kizuia sauti chake inakaribia kilo 4.5, na darubini bado hujaifunga. Askari wa M4 anatoka na magazini 7 za risasi 30: jumla 210, kilo kama 3.4. Wa M7 naye anatoka na magazini 7, ila za risasi 20: jumla 140, kilo kama 4.4. Kapungukiwa risasi 70 na bado kaongezewa kilo nzima! Na risasi nyingi vitani hazipigwi zimpate mtu. Zinapigwa adui asiinue kichwa wakati wenzako wanasogea.

Kosa hili walishalifanya. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walipendekeza risasi ya kati, yaani nyepesi kuliko ile nzito ya bunduki za zamani, Wamarekani wakakataa, wakaisukuma NATO nzima kwenye 7.62 ndefu. Mwaka 1957 wakachagua M14, bunduki ya risasi hiyo. Walipofika Vietnam wakaitupa, wakashika M16. Mrusi alishamaliza kesi hiyo miaka ya 1940. Waliopita JKT wakashika SMG (yaani AK-47) wanajua: ni 7.62 pia, lakini ganda lake ni milimita 39, siyo 51 kama la G3, bunduki ya Kijerumani. Ndiyo maana magazini inabeba 30 na bado unakimbia.

Mchangiaji 1:
Mleta mada umesimulia nusu. Hiyo M16 unayoisifia ilipofika Vietnam ilikuwa inakwama ovyo. Walibadilisha baruti, chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) haikupakwa kromu, vijana wakawa wanachokonoa maganda kwa fimbo ya kusafishia huku wanapigwa. Mwaka 1967 Bunge lao likalichunguza suala hilo. Silaha mpya yoyote ina magonjwa yake ya utotoni. Halafu M7 haigawiwi kila mtu, fundi na mpishi wanabaki na M4. Na usiifananishe na M14: ganda la 6.8 kitako ni chuma, juu shaba, ili livumilie msukumo mkubwa kwenye mtutu wa inchi 13 tu. Weka na darubini ya XM157 inayopima umbali na kukuonyesha pa kulenga. Risasi 140 zinazompata mtu ni bora kuliko 210 za kufukuza ndege.

Mchangiaji 2:
Mnabishania Afghanistan wakati vita imehama. Ukraine wanaoua ni mizinga na droni. Kwenye handaki, mita 50, hiyo 6.8 ni ya nini?

Mleta mada:
Mchangiaji 2, nipo na wewe.

Mchangiaji 1, darubini hiyo si unaweza kuifunga kwenye M4 vilevile? Hapo umetetea darubini, risasi hujaitetea. Mwaka huohuo wa 2025 kapteni mmoja wa jeshi lao alisimama hadharani akasema kikosi alichokifuatilia mazoezini kilikaribia kuishiwa risasi ndani ya dakika 10. Kiwanda kilimpinga, ni haki yao, wana mali ya kuuza. Lakini Marines, kikosi chao cha wanamaji, ambao kazi yao ni hiyohiyo ya bunduki, wamebaki na M27 yao ya 5.56. Kwa nini hawakukimbilia 6.8?

Kama humu kuna mtu wa KDF (jeshi la Kenya) au yeyote aliyebeba G3 kazini, atusaidie: kwa magazini ya 20, ulichukua muda gani kabla ya kuanza kuomba risasi kwa mwenzako?