Mjadala: Meli zilizozama pwani yetu ziwekewe maboya watalii waje, au tuwaachie wavuvi siri yao?

MLETA MADA (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Utalii wetu unaishia palepale kila mwaka: Mji Mkongwe, Nungwi, Serengeti, Ngorongoro. Wageni wenyewe wameanza kunung'unika. Nenda Kizimkazi asubuhi msimu wa wageni uone boti zinavyomkimbiza pomboo mmoja kama daladala zinazogombea abiria Mbagala. Kuna msafiri anayekimbia zogo hilo. Hana shida na kitanda cha ufukweni, anatafuta kisa, na mahali pasipo foleni. Huyo hatujamwandalia kitu.

Hoja yangu ni meli zilizozama. Tuanze na Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ya Mjerumani ilitoka Rufiji, alfajiri ikaikuta Pegasus ya Mwingereza imelala bandarini Zanzibar ikifanyiwa matengenezo. Ikaipiga mpaka ikawa haifai, na Pegasus ikazama siku hiyohiyo. Königsberg nayo ikapata hitilafu ya injini, ikarudi kujificha kwenye delta. Vipuri vikabebwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waingereza wakakaa nje ya midomo ya mto kwa miezi, wakamtuma hadi mwindaji, Pretorius, apenye mikokoni akahakikishe ilipo. Januari 1915 wakaiteka Mafia, baadaye ndege zao zikawa zinarukia huko. Tarehe 11 Julai manowari mbili ndogo zinazoweza kupita maji mafupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikipiga, na ndege juu ikiwaeleza makombora yanaangukia wapi. Nahodha wa Königsberg, Looff, akaamuru meli yake izamishwe. Mizinga yake kumi ikavuliwa, ikafungiwa magurudumu, ikaendelea na vita bara.

Haya yote yalitokea kwenye delta ileile ambayo abiria wa Mafia wanapandia boti, pale Nyamisati. Uliza kwenye boti wangapi wanayajua.

Pendekezo: meli zenye zaidi ya miaka 100 chini ya maji ziorodheshwe, ziwekewe maboya, vijana wa vijiji vya jirani wafundishwe kupiga mbizi na kuongoza wageni, na ada ianzie kijijini kabla haijafika wizarani. Anayepinga aje na hoja.

MCHANGIAJI (Mafia)

Mkuu, umeandika vizuri, ila umeruka sehemu moja. Königsberg haipo. Ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu miaka ya 1960, na masalio yakamezwa na tope. Utamsafirisha mgeni kwa boti, mbu wamuume, mamba wamtazame, halafu umwonyeshe maji ya kahawia?

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: kwetu sisi meli iliyozama ni nyumba ya samaki. Chewa wanakaa humo, kolekole wanazunguka juu. Nahodha anapajua kwa kupanga alama za nchi kavu, mnazi huu ukae sawa na ncha ile, basi uko juu yake. Hiyo ni elimu ya kurithi, mtu anamwachia mwanawe kama shamba. Ukiweka boya unamgawia kila mtu shamba la mwenzako. Wa kwanza atakuja mtalii, kweli. Wa pili atakuja mwenye baruti, kwa sababu samaki waliojikusanya pamoja ndio anaowataka. Wa tatu atakuja kutangaza kwamba eneo limefungwa. Huku tumeishi na hifadhi ya bahari tangu 1995, mstari baharini si jambo geni kwetu. Ukichorwa, anayebadili njia ni mwenye ngalawa, si mwenye hoteli.

MCHANGIAJI (hakutaja mahali)

Naomba kuuliza, hiyo Königsberg haikuwa na zile rupia za dhahabu? Kuna mzee huku kwetu ana ramani kabisa, imepigwa muhuri wa Mjerumani. Anatafuta mtu wa kuchangia mafuta ya boti tu.

MLETA MADA

Ramani hiyo ipo kila wilaya, na kila wilaya kinachokosekana ni mafuta tu. Rupia za dhahabu zenye picha ya tembo zilipigwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli. Königsberg ilizama Julai 1915. Fedha ambayo ilikuwa haijatengenezwa ingepakiwaje melini? Mwambie mzee auze ramani kwa mwingine.

Ila swali lako lina faida. Watu wanachimba makaburi na misingi ya maboma nchi nzima wakitafuta mali ya Mjerumani kwa sababu hakuna aliyewasimulia kilichotokea. Penye ukimya ndipo ramani za uongo zinapouzika.

MCHANGIAJI (Mombasa)

Hebu niwaeleze sisi huku tulifanya nini, maana tumetangulia.

Kwanza, ndugu wa Dar, mzinga mmoja wa Königsberg uko kwetu Fort Jesus, na mzinga wa Pegasus uko papo hapo. Meli mbili zilizopigana, mizinga yao sasa inapigwa picha na watoto wa shule. Kwa hivyo ukitaka kumwonyesha mgeni kitu cha kushikika cha Rufiji, mlete Kenya.

Pili, kisa cha Santo António de Tanná. Ni meli ya Wareno iliyotumwa kuokoa ngome wakati Waomani wameizingira, mzingiro ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Ikazama mwaka 1697 papo hapo chini ya ngome. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji na wanaakiolojia waliichimbua pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, misimu minne. Vitu vikatolewa, vikasafishwa, vikawekwa makumbushoni. Mbao za meli yenyewe zikaachwa chini na kufunikwa tena. Kwa nini? Kwa sababu mti uliokaa majini karne tatu ukiutoa nje unakauka na kuvunjika, na kuuhifadhi ni kazi ya miaka mingi na pesa nyingi. Sisi basi hatukumpeleka mgeni kwenye meli. Tulimletea mgeni meli ukumbini, akaiona bila kulowa.

Tatu, Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wavuvi ndio waliowaonyesha wataalamu mahali, na tangu 2013 Caesar Bita wa Makumbusho amekuwa akipafanyia kazi. Kumeonekana vipande vya shaba na pembe za ndovu. Wataalamu wanasema huenda ni São Jorge, moja ya meli za safari ya tatu ya Vasco da Gama, iliyopotea 1524. Huenda. Lakini mpe mwongoza watalii wiki mbili, hilo "huenda" litakuwa limekufa, na meli itakuwa ya da Gama mwenyewe na yeye ndani. Na kina pale ni kama mita sita tu, mtu mwenye miwani ya maji na pumzi nzuri anafika. Boya mahali kama hapo kabla kazi haijakwisha ni kumwita mwizi kwa jina lake.

Mimi sipingi wageni. Napinga haraka.

MCHANGIAJI (Unguja)

Assalamu alaykum. Nyote mnazungumza kama kwamba meli ni chuma na mbao tu.

Mabaharia wa Pegasus walizikwa kisiwani Chapwani, makaburi yapo, na wageni wanakwenda huko kuota jua. Hayo tumeyazoea. Ila mimi nina la karibu zaidi. Septemba 2011 Spice Islander ilitoka Unguja kwenda Pemba usiku, imejaa kupita kiasi, ikapinduka. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Wengi hawakuonekana tena. Mleta mada anatuambia miaka 100. Kwa hivyo mwaka 2111 wajukuu zetu wawakodishie watu mitungi ya hewa wakatazame?

Na mnasema meli iliyozama ni kivutio kilichosahauliwa. Glasgow, meli ya Sultani, ilizamishwa na Waingereza mbele ya Beit al-Ajaib tarehe 27 Agosti 1896, katika vile vita visivyotimia saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini bandarini hadi 1912, ndipo ikakatwa na mabaki yakenda kutupwa baharini. Miaka kumi na sita watu wanaamka wanaitazama. Kwa wenyeji ile haikuwa siri wala kisa cha kusisimua. Ilikuwa ni kukumbushwa kila asubuhi nani amewashinda.

MCHANGIAJI (Mwanza)

Dada wa Unguja umenena. Sisi ni MV Bukoba, Mei 21, 1996. Ilipinduka asubuhi karibu kabisa na kufika. Watu walikuwa wanagonga kutoka ndani, likatobolewa tundu kuwaokoa, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Makaburi yako Igoma, lakini si wote walifika Igoma. Miaka mia au mia tatu, jibu langu ni hapana.

MCHANGIAJI (Kigoma)

Sisi tulitatua hili zamani. Meli yetu ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, wakapaka mitambo grisi nzito kabla, kwa matumaini ya kuirudia. Mwingereza akaiibua 1924, mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Mtalii aliyetaka meli iliyozama alipanda juu yake kama watu wengine.

MLETA MADA

Nimewasoma wote. Nijibu nilipo na jibu.

Dada wa Unguja na ndugu wa Mwanza: meli zenye watu ambao ndugu zao bado wanawalilia hazimo kwenye hoja yangu, na kwa hilo sihitaji kalenda. Miaka 100 sikuitunga. Ni kipimo cha mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji. Mkataba huohuo unataka vitu viachwe vilipo kwanza kabla ya kufikiria kuvitoa, unakataza kuvifanyia biashara, na unahimiza watu waruhusiwe kwenda kutazama bila kuharibu. Kutazama, si kuokota.

Kaka wa Mombasa, ukumbi ni mzuri, lakini Fort Jesus nako kuna msongamano. Mimi namtafuta msafiri wa kulala Kilindoni kule Mafia au Ngomeni, ale kwa mama ntilie wa hapo, alipe nahodha wa hapo. Kitu kikishapelekwa mjini, na pesa yake inakwenda mjini.

Ndugu wa Mafia ndiye aliyenigusa kweli. Lakini umesema mwenyewe: Königsberg iliishia chuma chakavu. Haikuwa na boya. Haikuwa na mtalii hata mmoja. Waliokuja kuikata hawakuhitaji alama, na hakuna kijiji kilichokuwa na sababu ya kuwazuia, kwa sababu hakuna kijiji kilichokuwa kinakula kwayo. Kama watu wa Salale, kule deltani, wangekuwa wanapokea wageni wa meli ile, unadhani msumeno ungeshuka kimyakimya?

MCHANGIAJI (Mafia)

Hapo umenibana kidogo. Kidogo tu, kwa sababu miaka ya 1960 nani angetuuliza.

Basi nikupe la kwetu. Boya hapana. Namba za mahali kwenye intaneti hapana. Anayetaka kuona aje, akodi mashua ya hapa na nahodha wa hapa. Nahodha anampeleka siku ambayo hatuvui pale, anamshusha, anampandisha, wanarudi. Alama zinabaki kichwani mwa nahodha.

MLETA MADA

Na simu yake ya mkononi? Mgeni mmoja akibonyeza tu kwenye ramani yake akiwa juu ya meli, siri ya ukoo wako iko Ulaya kabla hujafunga kamba.

MCHANGIAJI (Mafia)

Simu itabaki Kilindoni kwa mke wangu. Na bei ya safari itapanda, kwa sababu mke wangu halindi vitu vya watu bure.

MCHANGIAJI (Mombasa)

Hilo la simu mliandike kabisa kwenye mapendekezo. Halafu mniambie mtungi wa hewa unajazwa wapi Ngomeni, na mgeni akipanda juu haraka akaugua, anakimbizwa hospitali gani. Mpaka sasa hakuna aliyeligusa hilo, na mimi nasubiri.