Wakuu naomba ushauri: hadithi za kwenye tableti kwa watoto wa Ujiji

MtuwaUjiji: Wakuu, habari za jioni. Nina watoto 36 wa darasa la kwanza na la pili, wanakuja kusoma Jumamosi. Waha, Wabembe, Warundi, wote wamo. Tableti 12 za inchi 7. Bando ni la kubahatisha. Nitumie programu gani hadithi zifunguke bila intaneti? Nimekwama kabisa.

fundi_waya: Kolibri. Iweke kwenye laptop, pakua hadithi mara moja, kisha washa ruta hata isiyo na laini. Kwenye tableti fungua brauza, andika anwani ya laptop, malizia na :8080. Ikigoma, mara nyingi faiwoli ya Windows imezuia.

MamaZawadi: Lugha kwanza. Kiha na Kirundi vinasikilizana, Kibembe hapana. Tengeneza kwa Bloom, programu ya kutunga vitabu: picha ileile, tafsiri tofauti. Rekodi sauti sentensi kwa sentensi, na mtoto akisikiliza kwenye Bloom Reader, app yake ya kusomea, maneno yanajipaka rangi. Usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Na kagua picha, nguruwe mezani Ujiji utaulizwa.

MgebukaMkavu: Wape migebuka kwanza, tableti hazishibishi 😂

MzeewaGungu: Karatasi. Mtoto ajue kufunua kurasa kwanza.

fundi_waya: Mkuu, hadithi umezitoa wapi?

MtuwaUjiji: Kwenye tovuti za StoryWeaver na African Storybook. Si za bure?

fundi_waya: Za bure, zina leseni. Ukurasa wenye majina na leseni umeuacha?

MtuwaUjiji: Nimeutoa. Jina la mwandishi wa India litamsaidia nini mtoto wa Ujiji? Wahusika pia nimewapa majina ya huku. Memori kadi 40 zimeshajazwa, 5,000 kila moja, za kuchangia umeme.

MamaZawadi: Kumbe unauza! Hilo ndilo ungeanza nalo. Leseni ya CC BY 4.0 inaruhusu kutafsiri, kubadili majina, hata kuuza, mradi utaje mwandishi, mchoraji na leseni, na useme umebadili nini. Yenye NC, yaani si ya biashara, haiuzwi, na African Storybook zimo za hivyo. Zitenge moja moja, urudishe kurasa.

MtuwaUjiji: Stika nimeshachapisha, dada. Nianze upya kadi 40?

MgebukaMkavu: Ngojeni kwanza. Umeme gani huo wa kuchangiwa?

MtuwaUjiji: Sola, paneli ya wati 20.

fundi_waya: Wati 20 kwa saa 5 za jua kali ni wati-saa 100, kabla ya kutoa upotevu. Betri ya 3,000mAh kwa volti 3.7 ni kama wati-saa 11. Mara 12 ni 132, bado laptop na ruta. Hii chai.

MgebukaMkavu: Chai ya rangi, tena haina sukari.

MtuwaUjiji: Jamani. Tableti ziko 3. Hizo 9 zitatoka kwenye hela ya kadi.

MzeewaGungu: Nilisema karatasi.